Ejo Iliyonifungia Gisenyi

Nengo, Gisenyi
18 Oktoba 1999

Mpendwa Shangazi Cansilde,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yanaendeleaje? Na huko Karagwe mvua imewatosha? Mimi mwili ni mzima, ila mikono imechanika kwa saruji.

Nimefurahi kusikia wakunga wenzako wamekuchagua kuja mkutanoni. Hoteli mtakayokaa nimeibebea mawe miezi minne, naijua. Omba chumba cha upande wa ziwa. Vya upande wa jikoni vina moshi.

Umeuliza mtafanya nini mkitoka mkutanoni. Tembeeni ufukweni, mtazame nyumba za zamani za Wabelgiji. Kuleni sambaza za kukaanga. Ni kama dagaa wetu, ila huliwa zingali moto. Huko Nyamyumba kuna maji yanayotoka ardhini yakichemka, watu hukandia viungo. Mimi nayasikia tu. Njiani kuna kizuizi cha askari, nami sina kitambulisho.

Kile cha zamani nilikifua ndani ya suruali. Nikaenda ofisini kuuliza vipya vinatolewa lini. Karani hakuinua hata kichwa: "Ejo." Nikashukuru, nikarudi kesho yake nimeoga na kuchana nywele. Kumbe vilikwisha kutolewa siku moja kabla sijauliza! Unajua Kinyarwanda chetu, jana ni ejo na kesho ni ejo. Mimi kwa tamaa yangu nikasikia kesho. Wellars, ninayelala naye chumba kimoja, hachoki kunicheka kwa kuwa nimetoka Karagwe: "We Mutanzania! Iko ejo ya nyuma, iko ejo ya mbele. We ulikamata gani?"

Sasa mji huu kwangu ni zizi. Mbele ziwa, kando mpaka wa Goma, nyuma kizuizi. Msimamizi anajua siwezi kuondoka, kwa hiyo mawe yanayokataliwa na wengine ananitwika mimi. Nimechoka, Shangazi, sikufichi.

Ili aniandike kwenye orodha ya waliokosa vitambulisho, karani anataka ndugu wa damu aje aseme kwa mdomo wake mimi ni mtoto wa nani. Hapa sina ndugu. Orodha inafungwa Jumatano tarehe 17 Novemba, siku mkutano wenu unapoanza. Nyinyi mnaanza saa tatu, ofisi inafunguliwa saa moja. Nitakungoja mlangoni pa hoteli tangu alfajiri. Twende kwanza, chai utakunywa baadaye. Nikipata karatasi nitarudi na gari lenu, hata juu ya mizigo.

Nisalimie Baba, na dada Donatha na wanawe. Mama mwambie asimpe mtu kitanda changu.

Mungu akuvushe salama mipaka yote.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
Telesfori