Watoto wa Dobi

9 Mei

Kwa kaka,

U hali gani, na wifi na binti hawajambo? Sisi wazima, ukiacha goti la mama, ambalo halijawahi kuwa zima. Nimekupigia simu mara nyingi hupokei, kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikata.

Baba tumemzika Alhamisi. Alifariki Jumanne asubuhi, mezani pake, anapiga pasi. Fundi viatu wa mlango wa pili alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua akajua kuna jambo, maana kwa miaka thelathini na tatu ya ujirani hakuwahi kuisikia. Shati lilikuwa la mwalimu mmoja, mteja wake. Tulipomrudishia alilikunja vilevile na tundu lake, akaondoka nalo.

Sasa jambo lenyewe. Mwisho wa mwezi kuna kikao cha kumkumbuka na wasifu utasomwa. Kalamu anayo baba mdogo, na kalamu ikiwa mkononi mwa baba mdogo unajua haiulizi mtu. Kaandika: ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita. Mapacha na mimi ndio watatu. Mama anasema wanne, na wajukuu saba. Baba mdogo anasema wewe ni mtoto wa mama tu, na neno "baba" halikuwahi kutoka mdomoni mwako. Tangu juzi hawasemezani, chai napeleka mimi huku na huku.

Nimeambiwa nikuulize mwenyewe. Uandikwe au usiandikwe?

Mdogo wako,
Kitindamimba


18 Mei

Kitindamimba,

Barua nimeipata. Sisi hatujambo. Kazi ghalani ni ileile, makasha yanaingia, makasha yanatoka. Pole, na mama mpe pole.

Andikeni watatu. Baba mdogo hajakosea. Sipendi kuandikwa mahali ambapo sikukaa.

Ila kama wasifu unataka mambo ya kweli, ninayo mawili ambayo ninyi hamkuyaona, hamkuwa mmezaliwa. Alihamia kwetu nikiwa na miaka saba, baba yangu akiwa ameshatokomea miaka miwili. Alikuja na meza, pasi mbili za mkaa na karai. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Wewe si baba yangu." Akasema, "Sawa. Mimi ni dobi." Basi nikamwita Dobi, naye akaitika mpaka naondoka nina miaka ishirini na moja.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimwaga tope kwenye karai la wanga. Ndani mlikuwa na mashati meupe kumi na mawili ya wahudumu wa hoteli. Aliyafua upya mara tatu. Mama alipouliza mbona kachelewa, alijibu kwamba maji yalikuwa machafu. Kesho yake sare yangu ya shule ilikuwa juu ya kiti, imenyooshwa, kola imekaa sawa. Ilikuwa hapo kila siku ya shule hadi namaliza kidato cha nne.

Yatumie ukitaka. Usitaje aliyeyasema.

Kaka yako


3 Juni

Kwa kaka,

Habari za huko? Za hapa ni nzuri, na kikao kimepita salama, au karibu na salama.

Baba mdogo alisimama akasoma. Alisema "mume mwema" akataka kupita, nikamwomba nieleze. Nikasema mama alipovunjika nyonga, baba alikuwa akifua nguo zake peke yake asubuhi kabla ya kugusa za wateja, na hakutaka mimi wala mapacha tuzishike. "Mama yenu ana aibu zake," alituambia, "na mimi nazo tumeshazoeana." Watu walicheka, mama akajifunika uso kwa mtandio, naye anacheka.

Kisha nikasoma ya tope na wanga. Sikutaja mtu. Hakuna aliyeuliza nani.

Baba mdogo alipofika kwenye "watoto watatu", mama aliinuka na goti lake.

"Wanne."

"Shemeji, mwenyewe kakataa. Tena huyo si damu yetu."

"Damu yake ndiyo iliyofunga mlango ikaenda zake," mama akasema. "Aliyebaki nasi alibaki na karai. Andika wanne."

Baba mdogo akajipapasa mifukoni, kalamu haionekani. Fundi viatu akampa yake. Hakuketi mpaka alipoona imeandikwa, mama yako.

Kwa hiyo umeandikwa. Ukitaka kulalamika, mlalamikie yeye.

Kuna jingine. Kila Jumapili saa nne asubuhi, wewe ukiwa ghalani, wifi alikuwa anapiga simu na binti yako anaongea na baba. Huu mwaka wa pili. Mimi nilidhani unajua. Mama anasema hujui, na kwamba baba ndiye aliyeomba usiambiwe, ili usilazimike kukataza.

Mdogo wako


20 Agosti

Kitindamimba,

Natumaini hamjambo nyote. Sisi tunaendelea. Nimechelewa kujibu, sina sababu ya kukupa.

Jumapili ile baada ya barua yako niliomba ruhusa kazini. Nilimkuta binti yangu sebuleni, saa nne, amekaa karibu na simu. Anajua babu yake amefariki, mama yake alimwambia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema amezoea kukaa hapo saa hiyo. Nikakaa naye. Tangu hapo sijafanya kazi Jumapili.

Ananiuliza habari za Dobi. Nimemweleza nilizo nazo, hata ya tope. Zimekwisha mapema, kwa mtu niliyeishi naye miaka kumi na minne.

Wiki iliyopita kaniuliza swali nikashindwa. Anasema kila Jumapili alikuwa anamwandalia babu kichekesho. Mara ya mwisho alimwambia, "Babu, shati lina mikono miwili, mbona halijifui lenyewe?" Babu akanyamaza. Anasema kila kichekesho ilikuwa hivyo, kimya kirefu, mpaka yeye aulize, "Babu, upo?" ndipo aseme, "Nipo." Anataka kujua kama vilikuwa vinamchosha.

Wewe ulikuwa naye. Niandikie.

Kaka yako


28 Agosti

Kwa kaka,

Salamu nitazituma siku nyingine, nikujibu kwanza.

Mwambie alikuwa anacheka. Baba hakuwa na sauti ya kicheko. Yalikuwa yanaruka mabega tu, machozi yanamtoka, na kama yuko kazini ataiinua pasi juu isiunguze kitu, abaki hivyo mpaka kimwishe. Jumapili alikuwa hawezi hata kushika simu, mama ndiye anayemwekea sikioni. Usijilaumu kwamba hukijui. Kicheko kile kilitaka mtu amtazame.

Kile cha shati alijaribu kumsimulia kila mteja aliyeingia Jumatatu iliyofuata. Hakuna hata mmoja aliyefanikiwa kukisikia mpaka mwisho.

Mdogo wako