Herufi kwenye Koti la Baba

Jumatatu, 3 Novemba

Historia ya Marekani tena, kipindi cha kwanza, kabla akili haijaamka. Miss Loren aliingia na furaha yake ya kila Jumatatu. Wiki hii ni wahamiaji. Meli, mabegi, kisiwa cha Ellis, madaktari waliosimama kuwatazama watu wakipanda ngazi. Waliyemtilia shaka walimwandikia herufi kwa chaki kwenye koti. E ni macho. H ni moyo. L ni kuchechemea. P ni mapafu. Ukiandikwa, unatolewa kwenye mstari.

Alhamisi tutaigiza. Darasa la kumi lote, ukumbini. Kila mtu alete koti zito.

Koti zito. Dubai. Tulicheka. Halafu ikaonekana kwamba wanaocheka kweli ni wale wanaokwenda Ulaya kuteleza kwenye theluji, wana makoti matatu matatu. Mimi nina sweta ya shule.

Naandika Kiswahili kwa sababu Hana, ninayekaa naye dawati moja, husoma kila kitu kilicho mbele yangu. Ndiye rafiki yangu wa pekee, ila macho yake hayana breki.

Jumanne, 4 Novemba

Baba amerudi mapema. Sikupenda alivyovua viatu. Polepole mno.

Amehamia hoteli nyingine hapo Al Rigga, kwa hiyo viza mpya, kwa hiyo kupimwa upya, damu na picha ya kifua. Leo wamempigia simu. Picha ina kivuli, pafu la kulia. Wiki ijayo arudi atoe makohozi, waone kama ni kifua kikuu.

"Ni ile nimonia ya mwaka jana, mami. Ni kovu tu. Mungu ako."

Na nimonia aliipata wapi? Kwenye chumba cha baridi cha hoteli ya zamani, kule alikokuwa akipanga nyama na samaki tangu niko chekechea. Miaka yote hiyo wamgandishe, halafu leo mtu mwingine amuulize mbona kifua chake kina kovu. Nina hasira hadi meno yanauma.

Viza yangu imeshikana na yake. Ya Mama vilevile. Baba akikataliwa, sote tunafunga mizigo kwenda Nakuru, mahali ninapopajua kwa likizo tu. Nimezaliwa hapa. Hakuna aliyeyasema haya mezani. Mama alipakua ugali, akaniongezea sukuma wiki ambayo sikuomba. Chumba cha pili, wale Waganda tunaokaa nao nyumba moja walikuwa wanacheka na televisheni yao. Niliwachukia bure tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Hana. Nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu. Tulikuwa chooni, akaona macho yangu, nikamwaga yote. Kivuli, makohozi, Nakuru. Akanishika mkono. Akasema baba yake ana viza ya dhahabu, ile ya miaka kumi, na anajuana na watu, atamuuliza. Nilimshukuru. Halafu kwenye basi, njia nzima, nikachukia kwamba nilimshukuru.

Majukumu ya kesho yamegawiwa. Hana ni daktari. Mimi ni mama wa Kiitaliano, nina watoto sita na sijui kusoma. Miss Loren amesema madaktari hawatapangiwa. Watazame watu, waamue wenyewe, na kila mmoja lazima atoe wachache, la sivyo mchezo hautakuwa na maana.

Koti zito nyumbani kwetu ni moja. La Baba, la bluu, lenye pamba ndani, la kuingilia kwenye chumba cha baridi. Alilinunua mwenyewe kwa sababu la hoteli lilikuwa limechanika kwapani. Kesho ni siku yake ya kupumzika. Nilipomwomba alifurahi kupita kiasi. Akataka kusikia habari zote za kile kisiwa. Nikamweleza meli, nikamweleza ngazi na ile sanamu ya mwanamke mwenye mwenge. Chaki sikuitaja.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijawahi kukasirika hivi. 

Ukumbi ulipambwa. Bendera ndogo ndogo, fidla kwenye spika, harufu ya mikate ya soseji. Pembeni, kamba nyekundu imezungushiwa viti. Ukipita salama unapewa bendera na soseji. Ukiandikwa chaki unakaa ndani ya kamba ukitazama wenzako wakila. Watu walikohoa kwa mbwembwe, wakachechemea, mmoja akajiangusha. Karibu kila mtu alitaka kuandikwa, maana walioandikwa ndio waliokuwa wakichekesha. Miss Loren alikuwa anapiga picha.

Koti la Baba linanuka samaki kidogo. Nalijua hilo. Mvulana wa nyuma yangu alishika pua. Nikamwacha.

Nikafika kwa Hana. Amevaa koti jeupe na miwani ya plastiki. Alinitazama usoni nami nikamtabasamia, mjinga mimi, nikidhani atanipitisha upesi. Akanishika bega, akanigeuza. Nikasikia chaki ikikwaruza mgongoni. Mstari mmoja mrefu, kisha tumbo lake. Sikuhitaji kuiona.

"Mapafu!" alipaza sauti. "Huyu mtoeni!"

Wakapiga makofi.

Sikuingia ndani ya kamba. Niliing'oa. Viti viwili vilianguka, trei ya soseji ikafuata. Nilimwambia Hana maneno ambayo siyaandiki, maana hiki Kiswahili Mama anakisoma. Akalia. Akasema ndiyo herufi pekee iliyomjia, nyingine zote zilimtoka kichwani. Nilijua anasema kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ile herufi nilimpa mwenyewe, jana, chooni.

Nyumbani Baba alikuwa amelala. Nilifuta mgongo wa koti kwa kitambaa cha maji hadi alama ikaisha. Nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. 

Ijumaa, 7 Novemba

Niliitwa ofisini. Miss Loren hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliongea kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto wa chekechea. Eti anaelewa kwamba somo lilinigusa. Eti hilo ndilo lengo la somo, kugusa. Nikamuuliza kama anajua kwamba watu wanatolewa kwenye mstari hadi leo, hapa hapa, si kwenye picha za zamani. Akasema anajua sana. Hata yeye alipimwa alipokuja kufundisha. Kampuni yenye shule ililipia ile huduma ya wageni maalumu, akakalishwa kwenye sofa, na yote yaliisha kabla kahawa haijapoa.

Alisema hivyo kunifariji! Kahawa!

Adhabu ni mbili. Nimwombe Hana msamaha mbele ya darasa, na niandike ukurasa mmoja wa tafakari: ulijisikiaje kuwa mhamiaji?

Hana ametuma ujumbe mara nyingi. Sifungui.

Jumapili, 9 Novemba

Tumetoka kanisani. Baba aliimba kwa sauti kuliko wote, na kila alipovuta pumzi nilikuwa nasikiliza. Sasa nasikiliza kila kitu. Akipanda ngazi, nasikiliza. Akicheka, nasubiri kuona kama kicheko kitageuka kikohozi. Nimekuwa daktari wa kisiwani ndani ya nyumba yangu. Nalichukia hilo kuliko soseji zao.

Jioni nilisoma kitabu cha historia, kile kipande ambacho Miss Loren alikiruka. Kumbe wengi wa walioandikwa chaki walichunguzwa tena na mwishowe wakaruhusiwa. Kumbe kuna waliogeuza makoti yao ndani nje, wakapita alama haionekani. Mbona hakutufundisha hayo? Kwenye mchezo wake ukiandikwa umekwisha. Hakuna kuchunguzwa tena, ni kukaa na kutazama soseji.

Baba alinikuta nasoma. "Na ile siku, walikupitisha?"

"Ndiyo. Walinipa na bendera."

"Si nilijua," akasema. "Na koti kama lile!"

Nilikwenda kuoga ili nisijibu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekabidhi ukurasa wangu wa tafakari. Sentensi tatu. "Sikujisikia kuwa mhamiaji, mimi ni mhamiaji. Niliona aibu kwa ajili yenu. Baba yangu hatapewa kahawa." Msamaha nimekataa kuomba. Nimesimamishwa siku mbili, kesho na keshokutwa.

Mama alipata habari kabla yangu. Yeye ni msaidizi wa chekechea hapo hapo shuleni, ndiyo maana karo yangu imepunguzwa. Hakuongea hadi tulipoingia chumbani na mlango ukafungwa.

"Wewe unajua mimi napangusa makamasi ya watoto wa watu hapo ili wewe ukae kwenye hicho kiti? Unajua?"

Nikamwambia najua. Akasema sijui. Nikamweleza kuhusu chaki, yote, na herufi ilimaanisha nini. Akakaa kitandani. Aliniambia nisimwambie Baba. Halafu akatoka kupiga simu, akaipigia nje kwenye ngazi, muda mrefu. Nilimuuliza ni nani. "Ni mambo ya kazi." Siku hizi kila mtu ana mambo yake. Hata hilo limenikera.

Jumatano, 12 Novemba

Kwa kuwa sina shule, nimemsindikiza Baba. Alikataa, nikavaa viatu. Akasema yalla, twende basi.

Kituo cha kupimia kina baridi kali ya kiyoyozi. Baba alikuwa amekuja na koti lake, akalivaa ndani. Mstari mrefu wa wanaume. Wafilipino, Wapakistani, Wanigeria, Waganda, kila mmoja ameshika karatasi yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyekohoa. Sijawahi kusikia chumba kizima cha watu kikijizuia kukohoa.

Mimi nilikaa kwenye viti vya ukutani. Baba akanipa mgongo, na ndipo nikaiona. P. Nyeupe, nzima, katikati ya mabega. Kumbe chaki ukiilowesha hupotea, ikikauka inarudi. Tangu Ijumaa anaivaa. Ameingia nayo kazini, amepanga nayo samaki, na sasa amesimama nayo mbele ya dirisha la makohozi.

Nilishindwa kuinuka. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumtafuta Miss Loren, Hana, yule mvulana aliyeshika pua, niwasimamishe wote kwenye ule mstari bila kahawa. Hasira ilinijaa hadi masikio yakaziba. Nikitaka kumwambia ageuze koti, itabidi nimwambie kwa nini.

Nyuma ya Baba alisimama mzee wa Kipakistani mwenye ndevu zilizotiwa hina. Aliutazama ule mgongo. Kisha akanyoosha kiganja na kuupangusa, mara tatu, nne, kama mtu anayemtoa mwenzake unga.

"Vumbi, akhui, ndugu yangu," akasema. "Vumbi tu."

Baba aligeuka, akamshukuru. Shukran, shukran. Wakapeana mikono. Alama ilikuwa imeondoka yote. Mimi nilikuwa nalia kimyakimya, na Baba aliporudi alidhani ni kwa sababu yake. Kwa kiasi fulani, ndiyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Shule. Kipindi kizima cha Miss Loren nilitazama dirishani. Majibu bado. Hana aliacha chokoleti juu ya dawati langu. Niliiacha pale pale, ikayeyuka. Chokoleti haina kosa, lakini sikutaka.

Jumanne, 18 Novemba

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Baba tukinywa chai ya jioni. Si kifua kikuu. Kovu la zamani. Amepita.

Aliusoma mara mbili, akaweka simu kifudifudi mezani, akaomba sukari. Mama alifunika uso na leso. Nilidhani nitapiga vigelegele. Sikuwa navyo.

Baadaye nilimkuta Baba amepiga magoti kando ya kitanda, anavuta sanduku lililokuwa chini. Kubwa, la kijani, la likizo. Lilikuwa limejaa na kufungwa. Sikujua kama kuna mtu amefunga sanduku. Alipofungua zipu nikaona mashati yake, suruali zake, Biblia yake, viatu vyake vya kanisani. Vya kwake tu. Hakuna nguo yangu hata moja, wala ya Mama.

Nikamuuliza letu liko wapi.

"Nyinyi mngebaki," akasema. "Mama yako ameongea na shule, wangemwandikia viza yake, na wewe ungekuwa chini yake. Umalize masomo. Mimi ningeenda, halafu tungeona."

Zile simu za ngazini.

 Hasira ya wiki mbili nilikuwa nimeigawa kwa kila mtu, na yeye wakati huo alikuwa anakunja mashati. Nilikaa sakafuni kando yake. Alinipa shati moja moja, nami nikalitundika.  Mara moja alikohoa, vumbi la sanduku, na sikusikiliza.

Hana ameuliza majibu. Sijamsamehe bado. Ila nimemwambia, na nimemwambia yeye wa kwanza.

Kesho Baba anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nimelipangusa koti tena kwa mkono mkavu, ingawa halina kitu, nikalirudisha msumarini.