Kadi Iliyoshonwa Kwenye Pindo

Salma mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Jabe, Bujumbura, kwako na kwa mama yako huko Nairobi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Babu yako anavaa barakoa hata akiwa peke yake uani.

Unaniuliza ubebe nini kwenda Kanada na korona hii, na unalalamika kwamba mama yako amelifungua sanduku lako mara tatu kuongeza ndagala, dagaa wakavu wa huku, niliowatumia. Acha nikucheke kidogo.

Nilipotoka hapa kumfuata babu yako Kigoma ilikuwa vita, na kipindupindu kimeingia mjini. Ya vita nayaacha. Bila kadi ya chanjo hupandi meli. Siku hizo karatasi zote tulizificha kwenye nguo, basi mama yangu, fundi wa cherehani, akaikunja kadi yangu akaishona ndani ya pindo la kitenge nilichovaa. Bandarini afisa wa afya akasema, "Kadi?" Meli inapiga honi, watu wananisukuma, na mama amepiga magoti miguuni pangu, anakata uzi kwa meno.

"Mama, unanichelewesha!" nikamfokea.

"Ngoja, mutoto wangu, imebaki kidogo."

Nikaipokonya kadi, nikakimbia pindo likiburuta. Sikumwona tena.

Kwa hiyo kadi yako ya chanjo ya korona iweke mfukoni, karibu na mkono. Na sanduku, mwache mama yako alifungue hata mara ya nne.

Kile kitenge ninacho bado. Pindo sijalishona.

Bibi yako,
Mwajuma