Mpini Uliokohoa

Kwako mdogo wangu Kasimiri, Kilolo.

Mimi kaka yako sasa nina miaka sabini na tisa. Nimemzika baba, nimemzika mama, nimemzika mke wangu Oliva, nimewazika na kaka zetu wawili waliokuwa na nguvu kuliko sisi. Mikaratusi niliyoipanda nikiwa kijana niliikata, ikachipua kwenye visiki, nikaikata tena. Mbwa siwahesabu. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda kilima na kushuka usidhani naumwa. Darasa la nne ndio mwisho wangu, na barua hii naiandika mwenyewe, leo siku ya tatu. Skola alitaka aniandikie, nikakataa. Yaliyomo humu siwezi kuyasema huku mwanangu ndiye ameshika kalamu.

Kamwene. Kamwene na shemeji. Mgongo wako unaendeleaje? Mahindi ya bondeni yamefunga, au baridi imeyawahi? Banda letu la mipini bado limesimama? Lile bati la upande wa juu nilikuambia ulipigilie kabla ya masika, na najua hukupigilia.

Huku Kanada theluji imefika usawa wa dirisha. Watu wananiuliza kama baridi naiweza. Nawaambia nimezaliwa Kilolo, nimechunga miguu mitupu kwenye umande ulioganda, wasinitishe. Siku moja nilitoka na shati tu kuwaonyesha. Mafua yaliyonishika baadaye yalikuwa yanakuja hata hivyo.

Ila nikuambie ukweli, nakaa peke yangu. Skola yuko hospitali anauguza watu, mara nyingi anaondoka sijaamka. Mume wake Ambakisye, yule Mnyakyusa wa Ilomba, anaendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Mimi nabaki na dirisha. Hakuna apitaye kwa miguu. Hakuna jogoo. Magari yenyewe yanapita kimya kama yanasukumwa. Nilimwambia Skola, nchi hii theluji imemeza sauti zote. Watu wake nao wanaongea kwa midomo tu. Kuna mzee jirani nimemsalimia miezi minne, anainua mkono, midomo inacheza, jibu halitoki. Nikaona hana adabu, nikaacha kumsalimia. Skola alininunulia birika la kupiga filimbi maji yakichemka. Halipigi filimbi. Nimeunguza mawili.

Sasa nije kwenye simu. Pasaka ulipiga mara tatu. Mara zote Skola alinipa, nami nikamrudishia nikasema laini mbovu. Najua ulisema moyoni, kaka bado ana hasira ya Festo.

Hasira nilikuwa nayo. Mpini ule wa sururu niliuchonga mimi, wa mti wa mwati, uliokauka darini miaka miwili. Niliugonga kwenye jiwe la mlangoni kama tunavyogonga yote, nikasema mzima. Wewe ulikuwa umekaa pale unanoa tezo, ukasema, "Kaka, huo haulii. Unakohoa." Nikakuambia mimi nimeanza kugonga mipini wewe ukiwa unanyonya. Ukanyamaza kwa sababu mimi ni mkubwa. Festo mume wa binti yako akaondoka nao kwenda machimboni Chunya, mpini ukakatika, chuma kikamshukia mguuni. Miezi mitatu hakukanyaga chini. Ndipo ukasimama sokoni, mbele ya watu ambao baba zao nimewachongea majembe, ukasema, "Msimpelekee tena kaka yangu kazi, mkono wake umekwisha." Skola alikuwa ananiita huku siku nyingi. Nilipanda ndege kwa ajili ya neno lile. Sikukuaga.

Haya. Sasa sikiliza habari ya gongo.

Wanaume wa huku wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Wanavaa viatu vyenye visu chini na wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokiita paki. Ambakisye amejifunza, anacheza Jumamosi asubuhi na wenzake wa kazini, watu wazima wenye vitambi. Siku moja akaingia na gongo alilopewa na mwenzake aliyehama, akaniwekea magotini.

"Baba," akasema, karibu kabisa na uso wangu, "wewe ni fundi wa mipini. Hili unalionaje?"

Kasimiri, ilikuwa miezi tisa hakuna mtu aliyeniuliza jambo. Nilivaa miwani, nikavaa na koti, kama naenda kazini.

Nikuambie lilivyo, kwa sababu hutaliona. Ni refu kunifika kidevuni, pembe nne, jeusi. Chini limekunjwa kuwa kama ulimi wa kusukumia paki, nao umepinda kidogo kama kiganja kinachokinga maji. Si mti. Ni nyuzi nyeusi za kaboni zimesukwa kama mkeka na kugandishwa kwa gundi, ndani ni tupu kama mwanzi. Uzito wake hata mwiko wa ugali wa msibani unalishinda. Nililiweka juu ya kidole, likalala sawa, halikutafuta chini wala juu. Nikakanyaga ulimi wake, nikasukuma katikati kwa mkono wa chini. Lilikunjika kama upinde, nilipoachia likarudi hata kabla ya mkono wangu kurudi. Nimechonga miaka sitini, hakuna mti utakaorudi hivyo. Hapo nililionea wivu, sikatai.

Lakini nilikuwa na neno. Mti una nyuzi, unaona njia yake. Mti ukitaka kuvunjika unainua manyoya, unachoma kiganja, unakupa siku mbili tatu za kujua. Hili ni laini kama kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, halikuambii kitu. Nilimweleza Ambakisye, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Halafu nikatoka nalo mlangoni, nikaligonga kwenye ngazi ya zege, mara tatu, juu, katikati, chini.

Ambakisye akakunja uso. "Baba, mbona hapa chini sauti imebadilika?"

"Imebadilika vipi?"

"Juu linasema ti, ti. Hapa linasema to."

"Wewe kwenu mna migomba," nikamwambia. "Mgomba ukiugonga unasema nini? Niachie mimi. Gongo zima, katumie."

Akacheka. Mkwe hawezi kumbishia baba mkwe, unajua. Akasema, "Sawa, baba, umepitisha wewe." Na mimi nikamwambia kwetu fundi aliyepitisha mpini lazima aende kuona ukilima mstari wa kwanza. Ndivyo alivyofanya baba, ndivyo nilivyofanya mimi kila mlima wa Kilolo. Kwa Festo tu sikwenda, Chunya ni mbali.

Jumamosi akanichukua. Ni ukumbi mkubwa kama ghala la tumbaku, sakafu yote ni barafu. Nikakaa kwenye benchi na blanketi la Skola. Wanapita kwa kasi, wanagongana na ukuta, na mimi naona yote kama mtu anayetazama samaki. Ambakisye si mbaya. Mara ya kwanza akapiga paki, gongo likakunjika, likarudi, paki ikaondoka sikuiona. Nikasimama. Nilimwambia mama mmoja wa Kizungu pembeni yangu, "Lile nimelipitisha mimi." Akatabasamu. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu akainua mikono juu, akashuka kwa nguvu zake zote, na gongo likakatika pale pale chini. Kipande kikaruka kikampiga kidevuni, akaanguka, na kwenye barafu nyeupe damu haijifichi.

Alishonwa nyuzi nne. Sikutaka kulala siku ile kabla sijamwomba radhi, nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Yeye akanitangulia kusema. Alisema taratibu, na niliangalia mdomo wake uliovimba.

"Baba, ulisikia?"

"Kusikia nini?"

"Lilivyokatika. Lililia kama bunduki. Ukumbi mzima walishtuka, hata kipa wa upande ule mwingine. Nikiwa pale chini nilitazama juu kwenye benchi. Yule mama pembeni yako alikuwa ameshika masikio. Wewe peke yako hukushtuka."

 Niliinuka nikaenda jikoni, nikaweka birika la filimbi kwenye jiko, nikasimama nalo uso kwa uso. Mvuke ukaanza. Mvuke ukatoka mwingi. Skola akatoka mbio chumbani, ameziba masikio, akalizima. Mimi sikusikia kitu.

Basi nikakaa na yote. Mzee jirani alikuwa ananijibu. Laini ya simu haikuwa mbovu. Na mpini wa Festo, Kasimiri, niliugonga jiweni, na nilichosikia ni kile nilichotegemea kusikia. Sijui ni miaka mingapi nilikuwa nagonga hivyo, nasikiliza mkono wangu na kumbukumbu, nawaambia watu mzima, mzima. Mingi ilikuwa mizima kweli kwa sababu nachonga vizuri. Usinitoe hapo.

Asubuhi nikaomba vipande vya gongo. Palipokatika pana tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu, na kwa ndani pamekuwa peupe, pameachana. Ni pigo la zamani, la mwenyewe wa kwanza. Ni pale pale Ambakisye alipotaja. Kwa hiyo si kweli kwamba gongo lile halimuonyi mtu. Lilionya, na kijana wa migomba alisikia.

Unakumbuka baba alivyokuwa anauma mipini? Siku zake za mwisho alikuwa akigonga mpini huku ncha ya juu ameishika kwa meno, macho amefumba, na sisi tukacheka nyuma ya banda tukisema mzee ameanza kula kuni. Nilichukua kipande kirefu cha gongo, nikakiuma, nikakigonga kwenye meza. Kasimiri, nilisikia. Sauti ilipita kwenye taya ikaingia kichwani, ti, safi kabisa. Baba alikuwa kiziwi. Alikuwa kiziwi na hakumwambia mtu, akajitafutia njia, na mipini yake haikukohoa.

Nililia kidogo. Hakukuwa na mtu nyumbani.

Wiki iliyofuata Ambakisye akanipeleka dukani kutafuta gongo lingine. Nimeuma magongo saba mbele ya muuzaji. Alitaka kunizuia, Ambakisye akamwambia huyu ni fundi kutoka Iringa, mwache. Mawili niliyarudisha. Jipya ni zito kidogo kuliko lile, kunjo lake liko juu zaidi, na mkononi unaijua paki ilipo bila kutazama, kama unavyojua jembe limegusa mzizi. Linalia lote sauti moja. Ni Jumamosi ya nne sasa analitumia, na mimi niko benchi. Skola amenitafutia kidude cha sikioni. Nakivaa kanisani tu na nikitaka kumsalimia jirani, ambaye kumbe ana maneno mengi mno. Nyumbani nakivua, friji linanguruma kama lori la mbao linapanda mlima.

Sasa ninachotaka. Skola anasema nikae mpaka nife. Nyumba ina joto, chakula kipo, ni mtoto mwema. Lakini mimi nataka banda. Tiketi anakata mahindi yakianza kukauka huko, ukisema ndiyo. Usiposema, nitakaa na dirisha, sitakusumbua tena. Nikija, mimi nitachonga na wewe utagonga. Ukisema unakohoa, unakwenda jikoni kuwa kuni, hata kama nimeuchonga siku mbili, na sitakuambia habari za kunyonya. Pale sokoni ulisema mkono wangu umekwisha. Mkono haujaisha, hilo sikubali mpaka kaburini. Ulikosea kiungo tu. Lakini mpini ulikohoa. Nimeandika.

Nisalimie shemeji, mwambie ule mlenda wake naulilia. Nisalimie dada yetu Yusta, na mchungaji aliyeniombea safari. Binti yako mwambie baba mkubwa anamkumbuka. Festo usimpe salamu, mpe barua hii aisome yote, kisha aniambie kama mguu unapanda mlima. Majembe yake yote nitayatia mipini upya mimi, na mstari wa kwanza nitaulima mwenyewe akiniangalia.

Ukiona nimetunga, mashahidi ninao. Wa kwanza ni Ambakisye wa Ilomba, ana kovu kidevuni linaloonekana hata kwa simu. Wa pili ni Skola, aliyezima birika. Wa tatu ni wewe, Kasimiri, ulikuwa umekaa pale unanoa tezo, na ulisikia.

Ni mimi kaka yako,
Leonadi, fundi mipini.