Singa za Mzee Murdo Zinarefuka

Mpendwa Mama Gulshan, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo nitakuwa nimechelewa, na kwa mchungaji nimeogopa kwenda, ataniita mbele niombewe na kanisa zima lijue.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, nakaa Weston hapa Toronto na mume wangu Pascal, ambaye ni Mkongo, na binti yetu Amandine wa miaka kumi na minne, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kwa miaka minne nilimtunza mzee mmoja wa asili ya Uskoti, Mzee Murdo, aliyekuwa akikusanya sporani, na kama hujawahi kuiona, sporani ni mkoba ambao wanaume wa kwao huuvaa kiunoni, unaning'inia mbele ya ile sketi yao ya mikunjo, na zake zote zilikuwa za zamani, kichwa cha shaba ya njano kilichochongwa maua ya miiba, na chini yake singa ndefu za farasi. Alikuwa nazo kumi na moja. Macho yalipomwishia, mimi ndiye niliyekuwa nazitunza kila Jumapili, singa nachana kwa kitana cha meno mapana nikianzia nchani, maji hapana, shaba naifuta kwa kitambaa kikavu bila kuigusa kwa vidole kwa maana alisema jasho la mkono linaila, na muda wote huo moja nyeupe yenye vishada viwili vyeusi alikuwa anaipakata mwenyewe, haniachii.

Alifariki Januari, ardhi imeganda, majivu yake yakahifadhiwa yangoje theluji iyeyuke. Binti yake Clara, anayekaa Vancouver, akanipigia simu akasema nenda nyumbani kwa baba, chagua sporani moja unayoipenda iwe kumbukumbu yako, halafu ufunguo uuache kwa mlinzi wa jengo. Sasa Mama, kwetu vitu vya marehemu havichaguliwi, siku ya kumaliza matanga mtu wa familia anakushikisha mkononi mbele ya watu, anakwambia pokea, ndipo kinakuwa chako, na anayejichukulia mwenyewe tunasema amemvua marehemu. Nilijua hayo yote na bado nikaenda peke yangu, saa nane mchana, nikafungua droo, nikachukua ile nyeupe.

Nyumbani nikaitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, pale tunapoweka alama za urefu wa Amandine tangu akiwa mdogo. Siku ya kwanza ncha za singa zilikuwa juu ya alama yake ya miaka mitano, nakumbuka vizuri. Wiki ya tatu nikarudi kutoka kazini nikakuta zimeipita. Nikasema ni macho yangu, nikapima kwa tepu ya fundi cherehani maana kambini nilikuwa nashona, vidole viwili kamili, nikachukua mkasi wa jikoni nikakata nikatupa. Baada ya wiki mbili vidole viwili tena, nikakata. Mwisho wa Machi tena, nikakata, na kichwa cha shaba nikikigusa asubuhi kina joto kama paji la mtu mwenye homa. Juzi nikakuta singa tatu nyeupe kwenye kitana cha Amandine, nikamuuliza kama ameichana, akanikodolea macho, "Mom, I don't even go near that thing." Pascal anafanya kazi kiwandani usiku, mchana ndiyo analala, naye ameniambia, "Bibi, iyo kitu itoke mu nyumba. Mchana tunabakiaka hapa sisi wawili tu, mimi na yeye." Nikamwambia hiyo si mtu, usiseme yeye.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Jana Clara alipiga simu, amefika Toronto, wanazika majivu Jumamosi, na kwenye karatasi za baba yake amekuta imeandikwa kwamba siku hiyo mjukuu avae ile nyeupe. Akaniuliza, ndiyo uliyochukua? Nikasema hapana, mimi nilichukua ya kahawia. Mama, ulimi ulitangulia, ningemwonyesha vipi kitu cha baba yake kilichokatwa na mkasi wa jikoni? Akasema basi atakuwa yule dada wa usafi wa pale nyumbani kwa baba, nitaongea na kampuni yake. Dada huyo ni Yvette, namfahamu, tunasali naye.

Naogopa marehemu, naogopa Clara, naogopa kazi yangu. Niichome? Niitupe mtoni Humber? Au niendelee kukata mpaka ichoke? Namba ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha, na picha nimeiweka ndani.

Ni mimi, Mama Amandine, Weston.

*

Mama Amandine mwanangu, pole sana. Pole nimeshakupa, sasa kaa chini nikugombeze.

Umeniandikia kurasa tatu za singa na joto na vidole, na Yvette umempa mistari miwili ya mwisho! Dada wa watu anadeki sakafu za wenzake, hajui kwamba kuna simu inakwenda ofisini kwao kumwita mwizi, na wewe Jumapili utaketi naye benchi moja mkiimba. Aibu hiyo ndiyo ya kukunyima usingizi.

Tuanze na mkoba. Marehemu mume wangu Mohamedtaki aliuza vyombo vya shaba vya zamani miaka thelathini, Dar es Salaam na kisha hapa, na aliyekuwa akivisugua ni mimi, kwa hiyo usinifundishe shaba. Kwenye picha yako naona hita iko chini ya msumari, shibiri mbili tu. Shaba juu ya hita itapata joto, ulitaka iwe baridi? Na hizo singa zimeshonwa kwa safu juu ya ngozi. Hita za magorofa yetu hukausha ngozi mpaka inapasuka, uzi unalegea, safu inateleza kushuka. Hazikui, zinashuka, na kila ulipotia mkasi ulikuwa unaharibu kitu cha miaka mia. Singa zilizolegea hupukutika, zikapeperuka, zikanasa kwenye kitana cha mtoto. Basi.

Ila sitakudanganya kama ulivyomdanganya Clara. Ngozi ikikauka huachia kidole kimoja, tuseme viwili kwa ukarimu. Wewe umekata sita, na kwenye picha ncha bado zimeshuka mpaka alama ya miaka minne. Nimeirudia hesabu hiyo mezani kwangu kwa rula. Ya hita nimekueleza, iliyobaki siijui, na mimi si mganga wala sitaki kuwa.

Kuhusu mila, usijitese bure. Clara alikuruhusu kwa mdomo wake, na kwa watu wa kwao ruhusa ya simu inatosha. Hukumvua mtu. Kosa lako ni kwamba ulijua mila yako inataka shahidi, ukaona raha kwenda bila shahidi, hukumwambia mwenye mali umechukua ipi. Ungemwambia siku ile ile, angekwambia hiyo nyeupe iache, chukua nyingine, na leo usingekuwa na mkasi mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imefika mwisho.

Fanya hivi. Ishushe ukutani leo. Jaza karatasi laini ndani ya mkoba usikunjamane, uulaze ndani ya foronya safi ya pamba, mbali na hita, na mkasi usiusogeze karibu tena hata singa zikifika sakafuni. Shaba usiisugue kwa ndimu wala dawa ya meno, najua mnavyofanya, mtafuta michongo. Kuichoma au kuitupa mtoni ndiyo kungekuwa wizi wenyewe. Kisha mpigie Clara umwambie: ile nyeupe ninayo mimi, niliikata kwa hofu, nilikudanganya, na Yvette hakugusa chochote. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake. Kama kazi itakuponyoka, bora ikuponyoke wewe kuliko Yvette. Jumamosi mpelekee, umshikishe mkononi mbele ya watu wake wote. Akikurudishia baada ya mazishi na kukwambia pokea, itakuwa yako kweli. Asipokurudishia, shukuru.

Barua yako nimeipata Jumatatu, na gazeti hili linatoka Alhamisi, nikaona siku tatu ni nyingi kwa Yvette. Nikapiga ile namba ya nyuma ya bahasha saa tisa alasiri. Akapokea mwanamume, mtu mzima sana, Kiingereza chake cha kukwaruza lakini cha mtu aliyezaliwa nacho, mpole. Akasema hupo, uko kazini. Nikamwomba akwambie umpigie Clara upesi. Akajibu, "Thank you, dear. I've been telling her." Nilishaikata simu ndipo nikakumbuka kwamba Pascal wako ni Mkongo, na saa tisa huwa amelala.

Nani alikuwa nyumbani kwako, sikuulizi. Mpigie Clara.