Viatu Vyangu Nyuma ya Kioo

Kwako mjukuu wangu, mume wangu usiyeandika mpaka uchokozwe,

Mimi mzima, goti tu ndilo lenye jeuri. Huku ghorofani kwa baba yako mdogo naletewa chai na kuambiwa nipumzike, utadhani nimebeba mlima.

Chini ya jengo wameweka mashine, kabati la chuma lenye vijimlango vya kioo. Mtu anatia kitu alichokichoka, mwingine analipa kwa simu akiwa kokote, kijimlango kinafunguka. Baba yako mdogo na mkewe waliuza humo redio yangu, kisha mkoba. Juzi walinishusha kwenda hospitali na kandambili za bafuni, nikaviona viatu vyangu vyeusi nyuma ya kioo!

"We mtoto, unaniuzia viatu ningali hai?"

"Mama, kwani unakwenda wapi?"

"Kwangu!"

Akacheka. Mkewe akanishika mkono kama kipofu.

Mlango hawaufungi. Wanajua siwezi kupita barabarani na kandambili za bafuni kama mwendawazimu. Kiburi changu ndiyo kufuli yao.

Sasa acha kuniuliza kila siku nimekula nini. Vilipie viatu kabla hajavivaa mwingine. Barua hii anaituma mlinzi wa getini, namba yake iko nyuma ya bahasha. Ukilipa, mpigie aniite dirishani wenyewe wakiwa kazini. Wala asipande kuniletea. Nitashuka mwenyewe, peku, nivivae palepale nishike njia ya kwangu, na mwenye macho atazame.

Ni mimi bibi yako, ambaye bado hajauzwa.