Kadi ya Tenzi Nimenunulia Mipasho

Mpendwa Baba Komora,

Kabla hujapashwa habari na wengine, maana watu wa Kilelengwani nawajua, hata huko uliko watapata njia ya kukufikishia, acha nikwambie mwenyewe. Mwanao Komora alinitumia kadi ya kununulia nyimbo. Alisema ni ya tenzi. Nimeimalizia kwenye mipasho na zile nyimbo za mapenzi za kulialia, na sijutii hata kidogo.

Najua umecheka. Wewe ndiye uliyenianzisha.

Unakumbuka msimu wa mpunga ulivyokuwa. Mpunga ukianza tu kutia maziwa, ndege hawatuachii nafasi ya kupumua. Tulikuwa tunapanda dunguni alfajiri, kwenye kile kichanja chetu cha kufukuzia ndege, wewe na kombeo lako, mimi na kamba za makopo, na ile redio yako ndogo umeifunga kwa waya kwenye mguu wa dungu. Kanisani ulikuwa mzee, mshika hazina, mtu ambaye hata mguu hatikisi kwaya ikiimba. Lakini kule juu, kinanda cha mipasho kikianza, unanivua leso, unajifunga kiunoni na kuimba sauti ya kike mpaka dungu linayumba. Mtu akipita kwenye tuta akakutazama, jibu lako lilikuwa tayari: "Ni kwa ajili ya ndege!" Nami, mwalimu mzima wa kwaya, nageuza uso upande wa mto nicheke vizuri.

Na mwinjilisti alipokuwa anatokea na baiskeli yake je? Unazima redio, unaanzisha tenzi katikati ya ubeti, na mimi nakupokea sauti ya pili kana kwamba tulikuwa humo tangu asubuhi. Siku moja alisimama akatusifu. Alisema laiti kila nyumba ingefanya kazi kwa sifa kama sisi. Ulijibu "Amina" kwa unyenyekevu ambao mpaka leo siuelewi ulitoka wapi.

Wewe ulipenda ule wimbo wa mwanamke anayemjibu jirani yake kwa kumtajia sufuria zake zote, moja baada ya nyingine. Mimi nilipenda zile za vijana, mwanamume mzima anamlilia msichana mpaka unatamani kumpelekea maji ya kunywa. Ulinitania kwamba nina moyo wa kitoto. Sawa, ninao.

Ulipofariki, akina mama wa kanisa walinijazia tenzi kwenye flashi, nikawa nazipiga kwenye spika ambayo Komora aliniachia alipokuja kukuzika. Walifanya wema, na nyimbo zenyewe ni nzuri, nyingine nimezifundisha mimi. Shida ilikuja msimu huu, nilipopanda dunguni peke yangu. Tenzi za faraja zinataka mtu akae. Nikikaa nakukumbuka, nikikukumbuka nalia, na nikilia ndege wanashuka. Nilikuja kuinua macho siku moja nikakuta kipande cha juu, kile cha karibu na njia, kimebaki makapi.

Mdogo wako Buya akasikia. Alikuja kutoka Garsen na viatu vyake vya dukani, akasimama kwenye tuta akatazama, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii kazi wewe peke yako huwezi," akaniambia. "Hii ardhi ni ya ukoo. Msimu huu ukiliwa na ndege, ujao nampa mtu alime tikiti. Wewe utakuja kwangu mjini, upumzike."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Unajua kwetu mambo yalivyo: shamba la mto linashikwa na anayelilima, na likilala, wa ukoo wanaliokota. Nilimjibu kwamba mpunga bado uko shambani, asubiri uvunwe ndipo azungumze. Nilisema kwa sauti ya mwalimu wa kwaya. Lakini usingizi ulinipaa, kwa sababu nilijua ana haki ya kusema, na kwamba nikiendelea kukaa na kulia nitaishia kwenye chumba chake cha nyuma ya duka nikipumzishwa mpaka nife.

Ndipo kadi ikafika. Kazini kwao Komora huko ng'ambo waligawiwa kadi za zawadi, yeye akampa yake mwenzake aliyekuwa anarudi likizo aniletee. "Mama ununue tenzi ujiliwaze," alinipigia kuniambia, mtandao ukakatika kabla hajaeleza zaidi. Sasa mimi kadi nazijua, nimekwangua kadi maisha yangu yote. Nikachukua kijiko nikaikwangua, nikapiga zile namba kama ninavyoweka kredo ya kupigia simu siku zote. Simu ikakataa. Nikarudia. Mwisho ikanifungia kabisa, hata kadi ya kredo niliyonunua dukani ikawa haiingii. Nilimlaumu mwanao siku mbili nzima kwamba ameuziwa kadi bandia.

Ikabidi niende Garsen, kwa Amina, yule binti wa Kiorma mwenye kibanda cha simu karibu na steji ya matatu. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mathe, hii si kredo! Hii ni ya ngoma. Unachagua, inakatwa humu, ngoma inakuwa yako mazima." Akachukua simu yangu, ile Komora aliyoniletea pamoja na spika, akabonyeza, akaingiza namba, ikakubali mara moja. "Haya, tuanze na za church?"

Baba Komora, nilifungua mdomo kumtajia tenzi. Nilikuwa nimeshazichagua kichwani njiani kote. Kilichotoka ni, "Nitafutie ule wa sufuria."

Aliinua macho akanitazama, nguo yangu ya heshima, kitambaa changu cha kichwani, halafu akautafuta bila kuuliza. Ulipoanza kulia pale kibandani nilihisi kama umenigusa bega. Baada ya huo sikushikika. Nilitaja ule wa mke mwenza na kioo, ule wa harusi iliyovunjika, na vijana wangu wote wenye kulia, mpaka yule anayeimba lugha ambayo hakuna aijuaye lakini unasikia kabisa kwamba ameachwa. Tulikaa mpaka zote zikashuka kwenye simu, maana kwetu mtandao ni wa kubahatisha. "Mathe, wewe ni moto," Amina akaniambia nikiondoka. Nilimjibu kwamba nilikuwa moto kabla hajazaliwa.

Kesho yake nilipanda dunguni na spika, nikaiweka sauti ya mwisho. Na hapo nikagundua jambo ambalo miaka yote hatukulijua. Ndege hawaogopi wimbo. Wanaogopa mtu anayecheza. Tenzi zilinikalisha, mipasho ikanisimamisha, na mwanamke wa umri wangu akicheza juu ya dungu na leso mbili mkononi, hakuna ndege atakayetua karibu. Bega langu haliwezi tena kombeo, lakini kiuno kipo.

Basi siku ya tatu wakatokea. Mama Mchungaji mbele, nusu ya kwaya yangu nyuma yake, wanaelekea mashamba ya chini. Mkono wangu ukaenda kwenye spika kuizima, kama wako ulivyokuwa ukifanya. Nikausimamisha. Nikizima nitakaa, nikikaa shamba limekwenda. Nikaiacha iseme, ikafika mahali pa sufuria ya mchuzi, na mimi nikawaamkia kwa sauti kubwa.

Mama Mchungaji alisimama na jembe begani. "Mwalimu, hiyo nayo ni kwaya gani?"

"Ni ya Baba Komora," nikasema. "Tuliiimba sote wawili hapa miaka yote. Mlikuwa mnapita tunazima."

Sikufichi, nilishaanza kuwaza nani atapewa kwaya yangu. Kisha Mama Mchungaji akageuka akatazama mpunga, ulivyosimama, akatazama shamba lake upande wa pili ambako ndege walikuwa wametua kama kwao.

"Basi ongeza sauti," akasema, "wa kwangu nao wasikie."

Tangu siku hiyo sijapunguza. Kwaya ninafundisha bado, na mazoezi ya Jumatano kuna mtu, simtaji, huniuliza pembeni kama ule wa kioo naweza kumrushia kwenye simu.

Nakutamani, Baba Komora. Usione nacheza ukadhani nimezoea. Kuna asubuhi moja wimbo wako uliisha, nikajikuta natweta na macho yangu makavu, nikaogopa. Niliona kama nimekuacha nyuma mahali fulani bila kukuaga. Nikakaa kidogo. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa unacheza vibaya, mabega yanakwenda huku na miguu kule, nikacheka peke yangu kwa sauti, na hofu ikanitoka. Nilikupenda kwa kelele, siwezi kukukumbuka kwa kimya.

Juzi tumevuna. Buya alikuja asubuhi, wanawake wameshajaa shambani na spika iko juu inasema yake. Alisimama kwenye tuta palepale aliposimama siku ile. Mpunga ulikuwa umelala kwa uzito mpaka ukingo wa mto. Hakutaja tikiti, hakutaja ukoo. Akavua viatu, akakunja suruali, akachukua kisu cha kuvunia kwenye kikapu, akanijia.

"Shemeji," akasema, "nianzie wapi?"

Swali hilo kwetu huulizwa mwenye shamba. Hata sikumjibu haraka, nilitaka nilisikie vizuri. Kisha nikamwonyesha upande wa mto, akainama akaanza kukata.

Pumzika, mume wangu. Usihangaike na mimi.

Mkeo, mwenye shamba,
Mama Komora